Siku ya Kimya katika Nchi ya Bado

Anayetaka kukaa na akae, anayetaka kusimama na asimame. Habari za Pelagia Mhina na nchi ya Bado nitazisema kama zilivyokuwa.

Pelagia alikuwa mshonaji wa mapazia, mjane, mwanamke wa maneno mengi aliyebaki na nyumba isiyo na mtu wa kusema naye. Watoto walikuwa wameshaondoka, kila mmoja na maisha yake, na ndani mwake kilichosikika tangu asubuhi mpaka jioni kilikuwa cherehani tu. Kwa hiyo bwana mmoja aitwaye Shamte alipomletea habari kutoka Bado kwamba nyumba yake iko karibu kuwa tayari na inahitaji mapazia ya madirisha yote, Pelagia hakuuliza mengi. Alifungasha mkasi, futikamba, cherehani ya mkono na majora ya kitambaa, akaenda.

Kilichompokea Bado ni kishindo. Nyundo, tindo, misumeno, zege likikorogwa, mabati yakitupwa kutoka juu. Na si katika nyumba moja au mtaa mmoja, bali nchi nzima, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Hapakuwa na nyumba iliyokuwa haikarabatiwi. Wabado wenyewe walitembea katikati ya kelele hizo kama watu wanavyotembea kwenye manyunyu, wakikunja uso kidogo na kuendelea na safari. Hawakusalimiana kwa kuulizana hali. Mmoja alipaza sauti, “Mmefika wapi?” na mwenzake akajibu, “Bado kidogo!” huku akionyesha kwa vidole viwili jinsi kilichobaki kilivyo chembamba. Neno “kumaliza” halikutajwa mbele ya watu wenye heshima zao. Mtoto akila uji wote, alifundishwa kusema kwamba uji umepungua sana.

Shamte alikuwa mtu mpole, mwenye nywele zilizojaa vumbi la saruji kiasi kwamba Pelagia alimdhania mzee. Alimkaribisha mgeni kwa furaha, akamwonyesha dirisha la sebuleni. Pelagia akalipima, akakata kitambaa. Asubuhi ya pili alipoingia na pindo mkononi, pale palipokuwa na dirisha palikuwa na ukuta.

“Fundi!” alimpigia kelele Fundi Machano, aliyekuwa juu ya ngazi. “Jana dirisha si lilikuwa hapa?”

“Lilikuwa hapo, ndiyo!” Machano alijibu kwa ukarimu. “Leo liko kule! Ila usilipime kwanza, mama, kesho tunalipanua!”

Chanzo cha mambo hayo Pelagia alikielewa polepole. Nchi ile iliongozwa na Baraza, na Baraza lilikuwa na pande mbili. Wapaa walishikilia kwamba nyumba bora huanzia juu, kwa sababu bila paa hakuna kivuli cha kufanyia kazi. Wasakafu walishikilia kwamba huanzia chini, kwa sababu bila sakafu hakuna pa kusimamisha ngazi. Kila upande ulikuwa na wasomi wake, na Pelagia aliwasikiliza wote akaona wote wana hoja. Shida ilikuwa kwamba kila upande ukishika Baraza uliamuru kazi ya wenzao ivunjwe, ili yao ionekane imeanza upya. Mvua za mwaka ule zilinyesha katika zamu ya Wasakafu. Sakafu zilikuwa nzuri sana, zote ziko chini ya maji.

Familia ilikuwa inaishi kwenye ukumbi mwembamba, maana chumba kikubwa kisichovuja kilitunziwa saruji, na katika cha pili walilala mafundi. Chai ilinywewa kwenye vikombe vyenye vifuniko. Biubwa, mke wa Shamte, alikuwa mwanamke mwepesi wa mikono, na mikono hiyo ndiyo aliyosemea: kidole juu maana yake njoo ule, kiganja kifuani maana yake pole. Pelagia alikaa nao majuma kadhaa kabla ya kugundua kwamba hajawahi kuwasikia mke na mume wakizungumza. Walipigiana kelele, ndiyo, na usiku walilala hoi, masikio yakivuma. Lakini kuzungumza ni kitu kingine.

Mwisho wa ukumbi ule, kando ya magunia ya mchanga, palikuwa na kitanda cha Bibi Mwamvua, mama yake Shamte. Bibi huyu alikuwa haoni. Alikuwa amepofuka zamani, kabla mumewe hajaanza kuivunja nyumba, na kichwani mwake alikuwa bado na nyumba ile ya kwanza: hatua chache hadi mlangoni, jiko kushoto, mtungi wa maji nyuma ya mlango. Mtu asiyeona huijua dunia kwa masikio, lakini Bado masikio hayakumfaa kitu. Aliishi katika nyumba asiyoweza kuiona wala kuisikia, na kuta zake zilihama.

Siku Pelagia alipomkaribia, Bibi alimshika mkono, akaupapasa, kisha akamvuta na kumwekea mdomo sikioni.

“Wewe ni nani? Vidole vyako vina sugu mahali pasipo pa kawaida.”

“Shikamoo, Bibi. Mimi ni mshona mapazia.”

“Marahaba, mwanangu. Mapazia ya nini?”

“Ya madirisha, Bibi.”

Bibi Mwamvua alicheka hadi akakohoa. “Wananiambia lipo dirisha. Siku hizi wameliweka wapi?”

Pelagia akampenda papo hapo. Tangu siku ile alikuwa akiketi naye wakati wa chai, wakiambizana mambo sikio kwa mdomo, na yule mwanamke aliyekuja Bado kwa kukimbia upweke akajikuta ana rafiki. Bibi hakuwa na malalamiko mengi. Alitaka jambo moja, na alilisema bila kulia: kujua njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni, na kuikuta pale pale kesho yake. Biubwa alikuwa amemfungia kamba ya kushika kutoka kitandani hadi nje. Lakini kila ukuta ulipohamishwa kamba ilikatwa, na kila ilipokatwa Biubwa aliifunga upya, pengine mara mbili kwa siku, bila kusema neno kwa sababu hata angesema nani angesikia.

Siku moja kamba ikakatwa mapema, Biubwa akiwa kisimani. Mafundi walikuwa wameagizwa kuchimba sebule ili msingi ushuke zaidi, kama Wasakafu walivyotaka. Bibi Mwamvua aliamka, akatafuta kamba, hakuipata. Akafuata ukuta kwa kiganja. Ukuta ukafika mwisho, naye akaenda hatua moja zaidi.

Shimo lilikuwa la kina cha kiuno. Hakuvunjika, ila kifundo cha mguu kiligeuka, hakuweza kusimama. Akaita. Nyundo zilikuwa zinafanya kazi. Akaita tena. Biubwa alirudi na ndoo, akaona kitanda kitupu, akadhani mama amepelekwa kuota jua. Shamte alipita kando ya rundo la udongo akiwa amebeba ubao. Pelagia alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta, karibu kiasi cha mkono kufika, akishona pindo na kuhesabu nyuzi. Mchana kutwa Bibi aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, na mchana kutwa walimpita.

Jua lilipotua, mafundi wakaweka nyundo chini. Katika ule utulivu wa jioni, sauti iliyokauka ikatoka ardhini.

“Jamani,” ilisema. “Jamani, nipo hapa.”

Shamte na Machano walimtoa Bibi, wakamlaza kitandani. Biubwa alimwosha udongo usoni, akamfunga kifundo kwa kipande cha kitambaa cha mapazia. Hakulia. Alipomaliza, na neno hilo nalitumia kwa makusudi, alisimama, akamwendea Fundi Machano, akaichukua nyundo mkononi mwake kama mama anavyomnyang'anya mtoto kisu.

“Kesho hapagongwi kitu,” alisema.

Shamte alimtazama mkewe kana kwamba amemwona ameshika moto. “Biubwa, unaijua Sheria ya Kishindo. Nyumba ikipitisha mchana mzima kimya inahesabiwa gofu. Watakuja kuibomoa. Tutamweka wapi mama?”

“Na leo alikuwa wapi?”

“Baba aliianza nyumba hii,” Shamte alisema kwa sauti ya chini. “Alikufa mwiko mkononi. Nikisimamisha kazi, nitakuwa mtu wa namna gani?”

“Utakuwa mtu anayemsikia mama yake akimwita.”

 Shamte alikuwa mtu mwenye kufuata taratibu, na asubuhi na mapema, kabla ya kazi kuanza, alimwomba Pelagia amsindikize barazani akaombe ruhusa ya siku moja ya kimya. Ukumbi wa Baraza ulikuwa katikati ya matengenezo. Wapaa waliketi juu ya jukwaa la mbao, Wasakafu chini kwenye kifusi, na kati yao vijana watatu walikuwa wakitoboa nguzo.

“Naomba kimya!” Shamte alipaza sauti. “Siku moja!”

“Anaomba kinu?” aliuliza mwenyekiti.

“Kimya!”

Neno lilipoeleweka, ukumbi ulishtuka. Msemaji wa Wapaa, mtu mzima mwenye kofia ya bati, alieleza kwa utulivu kiasi kelele zilivyoruhusu kwamba yeye hana chuki na kimya. Anachotaka kujua ni kama kimya ni suala la paa au suala la sakafu, ili lipelekwe kwenye kamati inayohusika. Msemaji wa Wasakafu alijibu kwamba kishindo hutoka juu kwenda chini, basi bila shaka kimya hutoka chini kwenda juu, hivyo ni mali ya upande wake. Mpaa mwingine akauliza wageni watasemaje wakipita na kusikia nchi imenyamaza; si watasema Wabado wamelala? Wote wakapiga makofi, pande zote mbili, na Pelagia aliambiwa baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza wao kukubaliana tangu nchi iundwe. Shamte akapewa jibu kwa heshima: ombi lake ni zuri, litaangaliwa, bado kidogo.

Wakashika njia ya kurudi. Njiani Shamte alisimama mara moja, akafuta vumbi machoni, akaendelea. Alipofika kwake, mafundi walikuwa wameshapanga vifaa wakingoja amri. Biubwa alikuwa amekaa kwenye kizingiti, nyundo mapajani.

“Wamesemaje?” aliuliza kwa mikono.

Shamte alimtazama mkewe, akamtazama na mama yake kule mwisho wa ukumbi, amelala na mguu uliofungwa kitambaa cha maua. Kisha akawageukia mafundi.

“Leo pumzikeni,” alisema.

Kimya hakikuingia mara moja. Nyumba za jirani zilikuwa zinagongwa kama kawaida, ila kuta za Shamte, zilizojengwa mara nyingi sana, zilikuwa nene, na Pelagia alikuwa amening'iniza majora yake yote kwenye matundu ya madirisha na milango ili vumbi lisimfikie mgonjwa. Ndani pakatulia. Wakaanza kusikia vitu. Maji yakidondoka kwenye mtungi. Kuku akikwaruza kifusi. Kitanda kikilalamika kila Bibi alipojigeuza. Fundi Machano, aliyekosa pa kwenda, alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akajipapasa magoti kwa mikono asiyojua aifanyie nini.

“Shamte,” Biubwa aliita, si kwa kelele. “Niletee maji.”

Shamte aligeuka, akakaa akimwangalia. “Sema tena.”

“Niletee maji.”

“Kumbe sauti yako ina mkwaruzo kidogo,” alisema. “Sikuwa najua.” Akaenda kuleta maji, akarudi akitabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Kutoka kitandani Bibi Mwamvua alinyanyua kichwa. “Nani huyo anayetembea? Ni Shamte? Unaburuta mguu wa kushoto kama marehemu baba yako.” Kisha akageuza uso upande wa pili. “Na huyo anayepumua kama mvukuto ni nani?”

“Mimi, Bibi. Machano.”

“Machano! Umekaa humu miaka yote hii, mwanangu, na mimi nakufahamu kwa harufu ya chokaa tu. Hebu njoo karibu, niambie. Nyumba hii, bila kuvunjwa tena, imebakia nini hadi iishe?”

Machano aliisogeza ndoo yake karibu na kitanda. “Bibi, nikikwambia ukweli, imebakia kidogo. Imebakia kidogo tangu nilipopewa kazi. Plasta, milango, basi.” Akapangusa mikono kwenye suruali. “Ila sijawahi kukabidhi nyumba. Wala baba yangu hakuwahi. Sijui fundi anasemaje siku hiyo. Anaondoka tu? Anakwenda wapi?”

Hakuna aliyemcheka. Pelagia, aliyekuwa amekaa pembeni na sindano, aliona kwamba mtu yule mkubwa alikuwa ameogopa kweli, na kwamba hofu ile huenda ndiyo ilikuwa ikigonga nusu ya kuta za nchi.

Majirani wakaanza kuja. Nyumba kunyamaza Bado ilikuwa na maana moja tu, kwa hiyo walikuja na kanga za msiba vichwani. Walipokuta mgonjwa yuko hai na chai iko jikoni, waliona haya, wakakaa. Mwanzoni walipigiana kelele kwa mazoea, kisha kila mmoja akaisikia sauti yake mwenyewe, akaishusha, wakafika mahali wakawa wanazungumza kama watu wanavyozungumza kwenye nchi nyingine. Mwanamke mmoja alimwomba mumewe arudie jambo alilomwambia siku ya harusi yao, kwa sababu siku ile aliitikia tu kwa kichwa. Mume akakataa mbele za watu, lakini masikio yake yalipata moto.

Mchana ulipokuwa unakwenda kuisha, akaja Mkaguzi wa Vishindo, Bwana Faki. Watu wakampisha njia. Mkaguzi huyu alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi, akisimama karibu na nyundo za nchi nzima, na masikio yake yalikuwa yamekufa zamani. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu, na halikusemwa na yeyote. Alikagua kwa kiganja. Sheria yenyewe ilisema hivyo: mkaguzi ataweka mkono, na asipohisi mtikisiko wowote, nyumba ni gofu.

Bwana Faki aliweka kiganja ukutani. Akangoja. Akahamia ukuta wa pili. Shamte alikuwa amemshika mkewe mkono. Mkaguzi aliweka kiganja kwenye fremu ya mlango, kisha kwenye nguzo ya ukumbi, na uso wake ulionyesha huzuni, kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

“Nani kaja?” Bibi Mwamvua aliuliza.

“Bwana Faki, Mama,” Biubwa alimwambia. “Mkaguzi.”

“Faki huyu wa marehemu Asha? Mleteni hapa.”

Biubwa alimshika mkaguzi mkono, akamwongoza hadi kitandani. Bibi aliuchukua ule mkono, akaupapasa, akapata kovu chini ya kidole gumba.

“Hili lilikuwa jeraha la panga,” alisema. “Ulikuwa ukimenya muhogo jikoni kwangu, na mama yako akanigombeza mimi.”

Bwana Faki aliona midomo ikisogea. Akatikisa kichwa taratibu, kuonyesha kwamba hapati kitu. Wote wakaona, na safari hii hakuna aliyetazama kando. Bibi hakuona lakini akaelewa, kwa vile mkono ule ulikuwa umelegea katika mikono yake kama wake ulivyokuwa ukilegea ukutani. Akauinua, akauweka kwenye koo lake mwenyewe, akasema tena, polepole, jina la Asha, mama yake mkaguzi.

Kiganja cha mkaguzi kikatulia hapo. Bibi akaendelea kusema: habari za muhogo ule, na za Asha alivyokuwa akiimba vibaya, na za mvua moja iliyowakuta sokoni. Bwana Faki alisimama amefumba macho. Haikujulikana alipata maneno mangapi. Alipoutoa mkono, aliuangalia, kisha akawageukia watu na kusema kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe:

“Mtikisiko upo. Nyumba hii ina watu.”

Akaondoka. Hakuna sheria iliyosema mtikisiko lazima uwe wa nyundo.

Baraza lilikaa kikao cha dharura kuhusu jambo lile, na hadi Pelagia anaondoka lilikuwa bado linakaa. Lakini watu hawakungoja. Machano alipiga plasta kwa mikono yake, akifanya kazi asubuhi na kupumzika mchana ili Bibi alale, akatia milango, akaweka dirisha la sebuleni mahali pamoja na kuliacha. Pelagia alilipima. Kesho yake akalipima tena, likawa lile lile, na akakaa chini sakafuni akacheka. Mapazia ya maua yalitundikwa. Siku ya kukabidhi, Machano alisimama mlangoni na ufunguo, akasema, “Imekwisha,” na watoto waliokuwa wakichungulia wakazibana midomo kwa mshtuko wa kusikia mtu mzima akitamka vile. Kabla hajafika barabarani, nyumba tatu zilikuwa zimeshamwita. Zote zilimtaka afanye kazi ile ile ya mwisho, na katika kila moja alikaribishwa kwanza akae, anywe chai, aulizwe jina la mama yake.

Asubuhi Pelagia alipokuwa anafungasha mkasi wake, alisikia sauti kutoka chumbani. Shamte alikuwa anataka kitanda kikae ukuta wa mashariki. Biubwa alikuwa anataka cha magharibi, na alisema hivyo, kisha akasema na mambo mengine mengi ya miaka yote ambayo mikono isingeweza kuyasema, naye Shamte akamjibu moja baada ya jingine. Ulikuwa ugomvi wao wa kwanza tangu waoane. Pelagia alisimama ukumbini, begi mkononi, hakujua aingie au aondoke.

Kutoka chumba chake kipya Bibi Mwamvua akapaza sauti yenye usingizi.

“Nyie! Punguzeni sauti, nimelala!”

Wakapunguza.